Mponda Mawe Aliyejiita Mtunza Stoo

Ndugu zangu, kaeni vizuri. Kabla sijaingia kwenye neno la leo nataka kuwapa habari ya baba mmoja. Msihangaike kumtafuta mtaani, hayupo, nimemtunga mwenyewe. Lakini ikitokea katikati ya habari benchi likaanza kukuchoma, usimgeukie jirani yako. Huenda ni wewe. Huenda ni mimi.

Baba huyo alikuwa mponda kokoto. Mnajua machimbo ya mawe yalivyo huko pembeni ya mji: kilima kimeliwa upande mmoja hadi mbavu zinaonekana, vijana wako juu wanang'oa mawe kwa mitaimbo, na chini, kwenye vivuli vya viroba vilivyoshonwa, watu wameketi na nyundo wanapasua jiwe mpaka liwe kokoto, lori lije lizoe. Vumbi lake ni jeupe. Linaingia kwenye nyusi, linaingia kwenye chai. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya baba huyu tangu mkewe alipofariki na kumwachia binti ambaye hata kutembea hajajua.

Binti, ambaye tutamwita Atuganile, baba alimpeleka kijijini kwa bibi, yaani mama mzazi wa baba huyo. Baba akabaki mjini na nyundo yake. Shule ya msingi ikalipwa na mawe. Sekondari ya bweni ikalipwa na mawe. Sare, madaftari, godoro, sabuni, yote yalitoka kwenye kile kilima.

Sasa sikilizeni mahali mambo yalipoanza kupinda. Mwaka mmoja baba alikwenda kijijini kwa Krismasi, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Atuganile alikuwa bado mdogo, na shuleni walikuwa wameulizwa kazi za wazazi. Akamwuliza, "Baba, wewe unafanya kazi gani?"

Swali la mtoto tu. Baba alifungua mdomo kujibu, akamwona binti yake alivyomkodolea macho kwa kumheshimu, na jibu lililotoka silo alilokuwa nalo. "Mimi ni mtunza stoo," akasema. "Kwenye kampuni."

Mtoto akakimbia kumwambia bibi. Bibi, ambaye kazi ya mwanawe aliijua vizuri, aliendelea kumenya ndizi.

Uongo wa namna hiyo haukusumbui sana mtoto akiwa mbali. Unaubeba mara moja kwa mwaka, unautua, unarudi zako. Taabu ilianza Atuganile alipofaulu na kuchaguliwa kwenda chuo kusomea ujenzi, na chuo chenyewe kikawa kwenye mji ule ule alioishi baba yake.

Alipopigiwa simu na kupewa habari, baba alikuwa machimboni. Alipiga magoti kwenye vumbi akamshukuru Mungu, na waponda kokoto wenzake wakamshangilia, maana habari za Atuganile walizijua zote. Kila alichofaulu, baba alikisimulia pale. Machimbo yote yalimjua Atuganile. Atuganile ndiye hakuyajua machimbo. Lakini hata kabla hajanyanyuka kwenye yale magoti, hofu ikamshika. Anakuja huku? Atakaa hapa hapa mjini?

Tangu siku ile yule baba hakupata utulivu tena. Basi lolote lililopita barabarani alilitazama, akiogopa limebeba wanachuo. Jumamosi, siku ambazo binti hana vipindi, alihama kibandani kwake akaenda kukaa nyuma ya kilima, mahali ambapo lori halifiki, kwa hiyo mawe yake yalichelewa kununuliwa. Simu ikilia aliirukia, akakimbia nayo mbali na nyundo.

"Baba, hizo kelele za nini?" binti aliuliza siku moja.

"Mafundi. Wanajenga ghala jingine hapa jirani."

"Nije siku moja nione ofisini kwako?"

"Hawaruhusu wageni, mwanangu. Kampuni ina masharti."

Alipokwenda kumwona chuoni aliondoka kazini mapema, akaoga, akajisugua nyusi, akapaka mikono mafuta ya mgando mpaka inateleza. Akavaa lile shati jeupe, akachomeka kalamu mfukoni. Walipoketi kantini aliiweka mikono chini ya meza, na binti alipomnunulia soda aliiacha ipate joto mbele yake, kwa sababu kuishika chupa kungemlazimu kuitoa mikono hiyo hadharani. Binti alidhani baba hapendi soda.

Ngoja niwaambie jambo moja lililonisumbua mimi mwenyewe nilipokuwa naitunga habari hii. Siku moja walikuwa wanatembea kwa miguu, wamebeba ndoo na godoro la hosteli, wakapita mahali ambapo akina mama na wazee wanaponda kokoto kando ya barabara. Mzee mmoja kati yao alimfahamu yule baba, maana waliwahi kufanya kazi pamoja, akanyanyua mkono kumsalimia. Baba akageuza uso.

"Anakufahamu yule mzee?" Atuganile akauliza.

"Amenifananisha." Na kama vile hilo halikutosha, akaongeza, "Unawaona wale? Hawakusoma. Soma, mwanangu, usije ukaishia pale."

Mnaisikia hiyo? Mikono iliyolipa ada ya yule binti, baba ndiye aliyemfundisha kuidharau. Na mzee wa watu aliyenyanyua mkono, mnafikiri aliushushaje?

Basi mwaka wa kwanza ukapita hivyo, baba anakimbia huku na huku kama mtu aliyeiba. Mwaka wa pili, muhula wa mwisho ukikaribia kuisha, alikuwa anapasua jiwe moja gumu, lile la rangi ya bluu. Kawaida huzungushia jiwe kipande cha tairi ili vibanzi visiruke. Siku hiyo alikuwa na haraka, alisikia basi linapunguza mwendo barabarani, akageuka kulitazama huku mkono unashuka na nyundo. Kibanzi kikamwingia jichoni.

Hospitali wakakitoa, wakamfunga bandeji. Daktari akamwambia kwa upole, lakini bila kuficha, "Mzee, hili jicho litapona ukikaa mbali na vumbi. Ukirudi huko mapema utalipoteza. Una mtu nyumbani wa kukusaidia kwa kipindi hiki?"

Mtu alikuwepo. Alikuwa ng'ambo tu ya mji, ana afya, ana akili, anampenda. Lakini angemwambiaje? Mtunza stoo anapigwaje na jiwe jichoni? Baba akajibu, "Sina mtu."

Akakaa chumbani. Akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi kitandani. Alijaribu kulala, akajikuta anahesabu kichwani ada iliyobaki, na kila akihesabu haipungui. Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Ndipo Atuganile akapiga simu.

"Baba, wametangaza. Asiyemaliza ada hafanyi mtihani."

"Usiwe na wasiwasi. Kampuni imechelewesha mishahara, lakini wametuahidi wiki hii."

"Sauti yako haiko sawa. Unaumwa?"

"Mafua tu."

Asubuhi iliyofuata alijifunga kitambaa juu ya bandeji akarudi machimboni. Wenzake walimkataza. Jirani yake wa kibanda, Mama Siwema, mwanamke mpole ambaye amesomesha watoto wake wote kwa nyundo, alimwambia, "Baba Atu, rudi nyumbani. Tutakupondea sisi, kila mtu kidogo." Baba akakataa. Akapiga nyundo kwa jicho moja, anakosa jiwe, anapiga kidole, anapuliza kidole, anapiga tena. Vumbi likashuka juu ya kile kitambaa kama linavyoshuka juu ya kila kitu. Jioni jicho lilikuwa linatoa maji. Kesho yake akarudi tena. Wiki ile yote akarudi.

Ijumaa, jua likikaribia utosini, alikuwa ameinamia jiwe, viatu vikaja vikasimama mbele yake. Viatu vya kike, safi, vimeanza kuwa vyeupe kwa vumbi. Alidhani ni dalali wa lori. Akainua uso.

"Shikamoo, baba."

Nyundo ikamponyoka. Hakuitikia salamu ya mwanawe. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kuficha mikono, akaichomeka kwapani, pale chini alipoketi, mtu mzima.

"Nani kakuleta huku?" akauliza.

"Bibi ndiye kaniambia. Nilikupigia simu hukupatikana, nikaenda kwenye ile kampuni uliyonitajia, mlinzi akasema hawana mtu wa jina lako na hawajawahi kuwa naye. Nikadhani umekufa, baba, wananificha. Nikampigia bibi huku nalia, ndipo akanieleza." Akakitazama kile kitambaa. "Ulisema ni mafua."

"Nenda barabarani ukanisubiri. Nakuja."

Atuganile hakwenda. Alichuchumaa, akanyoosha mkono kugusa kile kitambaa. Baba akaurudisha uso nyuma.

"Nimesema inuka. Utachafuka. Hapa si mahali pa mtu."

Mama Siwema alikuwa ameshasimamisha nyundo yake. Hakuwa na hasira, aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. "Baba Atu, sasa sisi tuliopo hapa ni nini?"

Ndugu zangu, yule baba alimtazama Mama Siwema, akawatazama wengine, watu waliokuwa tayari kumpondea mawe yake bila malipo. Kwenye kibanda kile alikuwa amekula nao, amelia nao msiba, amewasimulia kila alama aliyopata binti yake. Na sasa, binti huyo alipofika, amewatoa kwenye hesabu ya watu.

Atuganile akaketi kabisa, na sketi yake ya chuo, kwenye vumbi. "Baba, mtihani umeanza leo asubuhi. Wamenitoa."

"Najua. Ndiyo maana unaniona hapa. Nilikuwa nahangaika ili—"

"Hujui. Ngoja nikwambie." Akavuta pumzi. "Chuoni kuna mfuko. Wanafunzi waliomaliza zamani ndio waliouanzisha. Juzi nilikwenda kwa mshauri wa wanafunzi, nikamweleza kwamba ada haijakamilika. Akaniambia, kuna nafasi bado, huu mfuko ni kwa ajili ya watoto wa vibarua, watu wa kazi za kutwa. Akaniuliza baba yangu anafanya kazi gani."

Baba alikuwa ameshaanza kuelewa, na alitamani asielewe.

"Nikasema stoo," binti akasema. "Nikasema kwa fahari kabisa, mtunza stoo wa kampuni. Yule mshauri akasema, basi mwambie baba yako kampuni wamkopeshe, fedha hizi tuwaachie wasio na mshahara. Nikamwona anaita mwanafunzi mwingine. Ningejua ukweli ningesema, baba. Ningesema mbele ya chuo kizima. Na sasa hivi ningekuwa ndani ya mtihani, na wewe ungekuwa umelala na jicho lako."

Hapo ndipo baba alipolia, kwa jicho moja, maana lile jingine halikuwa na machozi tena, lilikuwa na usaha.

Najua mnataka niwaambie kwamba mambo yote yalinyooka. Hayakunyooka yote. Siku ya pili walikwenda pamoja hospitali, na daktari akasema jicho limekwisha. Jumatatu wakaenda chuoni. Mshauri wa wanafunzi aliwapokea vizuri, akamwita baba mzee wangu, akamtafutia kiti, akamsikiliza hadi mwisho. Akasema, "Mzee wangu, ungetuambia mapema. Fungu la muhula huu limeshagawiwa lote. Binti aahirishe masomo, aje mwakani, nitamwandika wa kwanza." Hakuwa mtu mbaya. Fedha ndizo zilikuwa zimekwisha.

Kwa hiyo Atuganile akaupoteza mwaka. Na katika mwaka huo alikwenda wapi? Alikwenda machimboni. Baba hakuweza kumzuia, maana alikuwa na jicho moja na ada ilikuwa bado. Siku za mwanzo hakuweza kumtazama. Binti akishika nyundo, baba alimnyang'anya. Akigeuka, binti ameichukua nyingine. Mama Siwema alimwonyesha namna ya kuketi mgongo usiume na namna ya kulizungushia jiwe tairi. Viganja vikavimba, vikapasuka, vikaota sugu. Kile ambacho baba alikikimbia miaka yote, akahama vibanda kwa ajili yake, akapoteza jicho kwa ajili yake, kilikuwa kimeketi pembeni yake kinaponda mawe.

Na hakikuwaua. Siku moja wenzake wa chuo walipita barabarani, Atuganile akawaona, akasimama akawaita kwa majina. Wakaja. Akawaambia, "Huyu ndiye baba yangu." Mmoja wao akampa baba mkono. Baba akajifuta kiganja kwenye suruali, kisha akaupokea ule mkono.

Mwaka uliofuata alirudi darasani. Sehemu ya ada ilitoka kwenye mfuko, sehemu ilitoka kwenye mawe, na akamaliza chuo. Jicho halikurudi.

Sasa tuyageukie mambo yetu, maana habari yenyewe imekwisha, lakini sisi bado tuko hapa.

Msinisikie vibaya. Sisemi mawe ni matamu. Mtu akipata njia ya kumtoa mwanawe kwenye vumbi, amtoe, na Mungu ambariki. Kutaka mtoto asome ni jambo jema. Baba yule hakukosea kuponda mawe, na hakukosea kumpeleka binti chuo. Alikosea wapi? Aliichukua kazi halali, kazi iliyomlea mtoto yatima wa mama, akaificha kama bangi. Na aliyemficha si adui yake, ni mwanawe mwenyewe.

Nawauliza akina baba na akina mama. Mara ngapi tumesema kwa watoto wetu, soma usije ukawa kama mimi? Tunasema kwa mapenzi, najua. Lakini mtoto anasikia nini? Anasikia kwamba wewe ni kosa ambalo yeye anatakiwa kulikwepa. Halafu anamaliza chuo, anapewa kazi ya jasho, anaikataa, tunashangaa. Ni nani aliyemfundisha? Tunalima, tunauza mboga, tunabeba zege, tunafua nguo za watu, tunapeleka ada, halafu kwa mdomo ule ule tunaitukana mikono iliyoileta.

Na ninyi vijana mnaosubiri majina ya vyuo, mnaotazama simu hata sasa hivi mkidhani sioni. Je, unaijua kazi ya mzazi wako? Sizungumzii jina lake. Umewahi kufika anapoifanyia? Umewahi kukaa naye pale kutwa moja, ukarudi naye umechoka kama yeye? Unajua kila mhadhara unaoukimbia umelipwa na jiwe la nani?

Na kanisa hili nalo nisiliache. Tukiwa na harambee ya ada, nani tunamtangaza kwa kipaza sauti? Nani tunamwekea kiti mbele? Mwenye ofisi. Yule mama wa kokoto tunapokea bahasha yake, tunamwonyesha benchi la mlangoni. Halafu tunauliza kwa nini watu wanadanganya kuhusu kazi zao. Wanadanganya kwa sababu wametuona. Yule baba alikuwa na mahali pa kusemea ukweli? Angekuja hapa Jumapili iliyopita, na kitambaa chake jichoni, angetuambia sisi?

Sitaki tusubiri semina wala kamati. Leo mchana, mkiwa mezani, mwambie mtoto wako ukweli. Kesho ni Jumatatu. Kabla hujatoka, mwambie unakwenda wapi na unakwenda kufanya nini. Na ukilitaja jina la kazi yako, usishushe sauti.